Slabu ya Mama Mkwe

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, hata yeye ukimwita nalo ghafla angegeuka kutazama ni nani anayeitwa. Mtaa mzima ulimwita Zege. Alikuwa mwashi. Waashi wapo wa kila namna, na wapo wanaojenga ukuta leo ukasimama hadi kesho kwa huruma ya Mungu tu, lakini Zege hakuwa wa kundi hilo. Zege lake likikauka limekauka. Ukijaribu kupigilia msumari humo unapinda msumari, unajigonga kidole, na hakuna hata alama.

Riziki yake kubwa ilitoka kwenye mtaro. Mtaro wenyewe ulipita mbele ya milango ya watu, ukiteremka kutoka sokoni hadi kwenye kijito kilicho bondeni. Zamani ulikuwa wazi, watu wakiuvuka kwa vibao vya kubahatisha, na walevi wakitumbukia humo na kuamka asubuhi wakidai wamesukumwa. Basi kila mwenye mlango akataka kufunika kipande chake. Na hakuna aliyetaka kifuniko cha kuinuliwa. Walitaka slabu ndefu, laini, ya kuweka viti na kukaa kuwasema wapita njia. "Usiniachie tundu hata moja, fundi," walimwambia, "panya watapanda." Zege alikuwa mtu wa kumridhisha mteja, kwa hiyo hakuacha tundu.

Slabu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama mkwe wake. Hapo ni lazima nieleze, maana mambo ya mkwe hayaelezeki kwa mkato. Siku Zege alipokwenda kuposa, mama yule alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwuliza binti yake mbele za watu, "Huyu? Mwenye saruji mpaka kwenye nyusi?" Hakukataa mahari, lakini kwa muda mrefu baada ya harusi alimwita "huyo". "Mwambie huyo chakula kipo tayari," angesema, na huyo mwenyewe amesimama palepale ananawa mikono. Zege alivumilia. Alimpenda mkewe, na alijua kwamba mama mkwe wake alikuwa na ndoto za mkwe mwenye tai.

Kisha mama akaanza kuvimba miguu. Kutembea kukawa shida, kuvuka mtaro kukawa hatari, akawa mfungwa ndani ya chumba chake, akiuona ulimwengu kupitia dirisha lenye wavu. Ndipo Zege alipokwenda na mchanga, kokoto na nondo bila kuitwa, akammwagia slabu mbele ya mlango, sawa na kizingiti ili asipande wala kushuka, pana ya kutosha kiti, meza na wageni. Aliisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa. Ilipokauka, mama alitoka na mkongojo wake, akaigonga hapa, akaigonga pale, akakaa. "Umefanya kazi, mwanangu," akasema. Zege alirudi nyumbani akamweleza mkewe neno hilo, akalirudia wakati wa kula, akalirudia tena wakati wa kulala, mpaka mkewe akamwambia, "Sawa, nimesikia, wewe ni mwanawe, mimi ndiye wa kuokotwa."

Jirani wa mama mkwe, upande wa juu wa mteremko, alikuwa mshona viatu aliyeitwa Soli. Alikodi chumba kimoja cha barabarani: mbele cherehani ya viatu na rafu, nyuma pazia, na nyuma ya pazia kitanda. Hakuwa na mke wala mtoto, wala ndugu aliyewahi kuonekana akija kumjulia hali. Lafudhi yake tu ilikwambia ametoka mbali. Alikuwa mpole wa kupitiliza, mtu ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayesema samahani.

Mvua za kwanza baada ya slabu ile, maji yalianza kupanda mlangoni kwa Soli. Mvua zilizofuata yakaingia ndani kwa adabu, yakalowesha mkeka. Zilizofuata tena hayakubisha hodi. Aliyekuwa wa kwanza kutamka sababu ni mama mkwe wa Zege, akiwa amekaa kwenye slabu yake, kwa sauti iliyofika sokoni: "Ngozi zake hizo! Anakata viatu siku nzima, mabaki anayatupa wapi? Mtaro umekabwa koo na ngozi!"

Mtaa ukalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Na mimi nawaambia, mtaa ule ulikuwa msafi, na balaa lenyewe lilikuwa humo humo kwenye usafi wao. Kila asubuhi kila mtu alifagia mbele ya mlango wake, na takataka zote alizisukumia mtaroni. Kinyozi alisukuma nywele. Mwenye duka alisukuma mifuko na chupa. Wenye watoto wachanga walisukuma yale wasiyotaka yatajwe. Aliyeacha uchafu mlangoni aliitwa mchafu, na aliyeutia mtaroni aliitwa mtu mwenye mpango. Maji yakishateremka bondeni, kile kijito kilichokuwa na vyura na majani mabichi kikawa na rangi ya mafuta machafu, na watu wakapita huku wameziba pua wakisema serikali imelala. Maji yakipanda juu, wasafi wote hao walikuwa na jina moja tu midomoni: Soli.

Soli hakubishana. Alitafuta gunia, akawa anakusanya humo kila kipande cha ngozi, kila uzi, kila soli iliyokufa, akilibeba mgongoni mwenyewe hadi dampo lililo nyuma ya soko. Watoto walimfuata wakimwuliza kama anahama. Maji yakaja vilevile. Akaweka kitanda juu ya matofali. Maji yakaja tena.

Mwaka jana yalimpita Soli yakaingia nyumba inayofuata juu ya mteremko, kwa mama mwenye mtoto mchanga. Godoro lilielea chumbani na mtoto akiwa juu yake anacheka, na mama yake, aliyekuwa uani, akaingia na kumnyakua huku akipiga kelele zilizotoa mtaa mzima. Mtoto hakuumia. Lakini tangu hapo hakuna aliyelifanyia mzaha jambo lile, na mwenyekiti wa mtaa, mama aliyestaafu uuguzi na ambaye hata walevi walimwogopa, aliapa kwamba mvua nyingine haitawakuta hivyo.

Basi kabla mawingu hayajakaza, akawatoa watu majumbani. Kila mmoja alikuja na alichonacho: koleo, jembe, ndoo, reki. Mahali pachache palipokuwa wazi walichota matope meusi, na kwa amri ya mwenyekiti hawakuyaacha ukingoni yarudi na mvua, waliyapakia kwenye mkokoteni. Zilitoka chupa, sufuria isiyo na kitako, viatu vya watu watatu tofauti, na mkono wa mwanasesere uliomfanya kinyozi aruke nyuma. Watu walicheka, wakafanya kazi, wakapendana kidogo.

Walipofika mlangoni kwa Soli kicheko kikaisha. Hapo ndipo mtaro ulipoingia chini ya slabu ya mama mkwe, na kutokea hapo slabu ziliungana moja baada ya nyingine mpaka karibu na kijito. Zege alipewa mti mrefu, akausukuma ndani ya lile giza. Ukaenda kidogo, ukagonga. Akasukuma tena. Ko.

"Ngozi zimegeuka jiwe!" mama mkwe akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Si niliwaambia?"

Mti ulikuwa mkononi mwa Zege, na mlio ule ulipanda kupitia viganja hadi kifuani. Ngozi haisemi ko. Jiwe halisemi ko namna ile. Ni ubao unaosema hivyo, ubao uliobebwa na nguzo, na Zege alijua ni ubao wa nani.

Zege bichi, ndugu msomaji, halikai hewani. Ukitaka kumwaga slabu juu ya mtaro unasimamisha nguzo ndani yake, unalaza mbao juu ya nguzo, ndipo unamwaga. Likikauka unaingia chini unazitoa. Lakini mtaro ule ulikuwa mwembamba, na slabu zilizibwa pande zote kwa matakwa ya wateja. Angeingilia wapi? Kwa hiyo alitumia mbao za zamani na nguzo za kuokoteza, akaziacha humo humo, akajiambia zitaoza na maji yatazichukua. Mbao nyingine zilioza kweli. Nguzo hazikuoza. Zilisimama katikati ya maji, zikishika kila mfuko na kila chupa iliyopita, na kwa mama mkwe, alikotaka slabu nzito kuliko zote, alizisimamisha nyingi kuliko kwingine kote.

Jioni ile walikutana kwa mwenyekiti. Mwenye chumba cha Soli alisema hana tatizo, wapangaji wapo tele. Ikaamuliwa Soli ahame kabla mvua hazijaanza. Hata mama wa mtoto mchanga aliunga mkono, na nani angemlaumu? Soli aliulizwa kama ana la kusema. Akasema, "Nitatafuta pa kwenda." Zege alikuwa ameketi karibu na mlango. Alitazama vidole vyake vya miguu.

Nyumbani hakula. Mkewe alimtazama kwa muda, akasogeza sahani.

"Una nini wewe? Unaumwa?"

"Zile mbao za kwa mama," akasema Zege. "Sikuzitoa."

"Mbao zipi? Za slabu?"

"Ndiyo. Zimo humo humo. Na nguzo zake."

"Na kwa kinyozi?"

"Na kwa kinyozi."

"Na dukani?"

"Kote, mke wangu. Kote."

Mkewe alikaa chini taratibu. "Ukivunja ile slabu mama atakumaliza. Atarudi kukuita huyo."

"Najua."

"Na watu wakijua, nani atakupa kazi tena?"

"Ndicho kinachonikaba."

"Mimi sikwambii vunja, wala sikwambii acha," mkewe akasema. "Ila nimepita pale kwa Soli. Ameanza kushusha rafu."

Asubuhi Zege alibeba nyundo kubwa, tindo na mtaimbo. Mama mkwe alikuwa bado ndani. Akavua shati, akapiga moyo konde, akapiga na slabu. Nyundo ikadunda ikamrudishia mikono. Akapiga tena, ikaacha doa jeupe kama la chaki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Zege alitamani angekuwa fundi mbovu. Aliitukana kokoto aliyoichagua mwenyewe, akazitukana nondo alizozifunga kwa ukaribu ule, na jasho lilikuwa limeshamfika kiunoni wakati ufa wa kwanza ulipotokea.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alisimama kizingitini, mkongojo mkononi, kanga begani, macho yamemtoka.

"Wewe! Umelogwa?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako peleka huko! Nani kakutuma uvunje nyumba yangu?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Nakuomba ukae ndani, vipande vinaruka."

"Acha! Nakwambia acha sasa hivi!"

Zege hakuwahi kumkaidi. Siku ile alimkaidi, na kila pigo liliuma moyo wake kuliko mikono. Watu wakaanza kukusanyika: kinyozi na kitana chake, mwenye duka, mwenyekiti, mama na mtoto wake mgongoni. Soli naye alitokeza mlangoni akiwa ameshika kamba ya kufungia mizigo. Kipande kikubwa kikakatika, Zege akakata nondo, akakiinua kwa mtaimbo, na chini yake kukaonekana kila kitu kwa mwanga wa mchana: nguzo zimesimama zimejipanga, mbao nyeusi zimelala, na mbele yake ukuta wa mifuko, chupa, nywele na matambara, umeshonana kiasi kwamba hata panya asingepita. Ngozi haikuwemo. Walitafuta hapo hapo, wengine kwa hamu ya kuiona, lakini hawakuona hata kipande.

"Mbao hizi ni zangu," Zege akasema. "Ni zangu. Niliziacha nilipomwaga. Na chini ya slabu zenu zote zimo. Soli hana kosa lolote. Ahame nani, sijui, lakini si yeye."

Kinyozi alikuwa wa kwanza kumvaa. "Yaani miaka yote hii unatutazama tu?" Mwingine akasema fundi gani huyu, mwingine akasema wote wako hivyo. Mwenyekiti aliwanyamazisha kwa kiganja. "Nguzo ni zake," akasema, "na chupa hizi ni za nani? Nguzo zinakunywa soda? Hizi nywele ni za nguzo?" Watu wakatazama pembeni. Akamgeukia Zege. "Sasa inakuwaje?"

"Navunja zote," Zege akajibu. "Kwa mikono yangu. Natoa mbao, halafu naweka vifuniko vifupi vifupi, kila kimoja na vishikio viwili vya nondo, watu wawili wanainua. Kila mtu asafishe chini ya mlango wake. Na kule mwisho niweke wavu wa nondo, takataka zisiingie kijitoni."

"Na ufagio?" mwenyekiti akawauliza wengine. "Mtaendelea kufagilia humo?" Mwenye duka alionekana akiokota chupa miguuni pake na kubaki nayo mkononi, hajui aiweke wapi.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amerudi ndani, akaita. "Zege. Njoo."

Aliingia akiwa na matope hadi magotini, akasimama karibu na mlango asichafue sakafu. Mama alikuwa amekaa kitandani. Zege alisubiri mvua ya matusi. Haikuja.

"Nani alikuomba useme?" mama akauliza kwa sauti ya chini. "Slabu ungevunja, sawa, ni slabu tu. Kwa nini useme mbao ni zako?"

"Kwa sababu ni zangu, mama."

"Mimi sijui? Siku unamwaga nilikuwa pale dirishani. Niliona mbao zinaingia, na nguzo. Ulipoondoka ulikuwa na koleo na ndoo tu. Nikasema, hee, huyu mbao zake ameacha. Maji yalipoingia kwa Soli nikaelewa yote."

Zege alisahau sakafu, akapiga hatua moja ndani. "Ulijua?"

"Watu walianza kuuliza mtaro umekuwaje. Wangechungulia kidogo tu wangekuona. Wewe una nini kingine zaidi ya jina la kazi yako? Likiharibika, binti yangu atakula nini na watoto wake? Basi nikapiga kelele ngozi, ngozi, ngozi. Kelele ninazo, si unajua. Nikageuka mchawi wa mtaa kwa ajili yako, na leo unakwenda kujisemea mbele za watu kama mtoto."

Miaka yote ile Zege aliamini kwamba neno "mwanangu" alilipata kwa slabu, na kwamba siku slabu ikiondoka neno nalo litakwenda. Kumbe mama huyu alikuwa amemkumbatia kwa nguvu kiasi cha kumkanyaga mtu mwingine. Furaha na aibu vilimjia kwa pamoja, akashindwa kujua aanze na kipi.

"Lakini mama," akasema, "na Soli je?"

Mama mkwe alitazama ukuta unaotenganisha chumba chake na cha jirani.

"Soli hakuwa na mtu," akasema. "Ndiyo maana ilikuwa rahisi."

Kisha akanyoosha mkono. "Nishike. Nivushe."

Zege akamwongoza nje. Pale palipokuwa na slabu sasa palikuwa na shimo na matope. Akashuka mtaroni, akamshika mama mkwe wake kiunoni, jambo ambalo siku nyingine asingethubutu hata kuliota, akamvusha hadi upande wa barabara, watu wakiwapisha. Wakaenda polepole hadi mlangoni kwa Soli. Rafu zilikuwa chini. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa shuka.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. "Ngozi zako hazikuwa na kosa. Mimi nilijua. Nilijua tangu mwanzo nikakusingizia."

Soli alibaki na kamba yake mkononi. Alimtazama mama, akamtazama Zege nyuma yake, na wote wawili walijiandaa kupokea chochote.

"Mama," Soli akasema, "mimi niliacha kukatia ngozi ndani. Nilikuwa nakwenda kukatia kule dampo, nakaa na nzi. Nikirudi napekua mpaka chini ya kitanda, labda kuna kipande kimenitoroka. Maji yanakuja tu. Yule mtoto alipoelea, nilikaa usiku kucha nikisema, nimemuua mtoto wa watu. Nilishaamini ni mimi."

Mama mkwe alitafuta pa kushika, na Soli akawahi kumsogezea kile kistuli cha wateja.

"Kaa, mama," akasema. "Miguu yako hiyo."

Mama akakaa, akafunika uso kwa kanga. Zege naye akalia pale mlangoni, mbele ya mkwe wake na mbele ya mtaa mzima, matope yakimtiririka miguuni. Hata kinyozi hakucheka. Aliondoka kimyakimya, akaenda kuondoa viti vyake juu ya slabu yake.